Kwa Mnaoanza Tenisi Hapa Mtwara: Nguvu Si Kila Kitu

Vijana wangu, wengi wenu mkifika kwenye uwanja wetu wa saruji hapa Shangani hutaka kupiga mpira kwa nguvu tangu siku ya kwanza. Nami nilianza hivyo, mpaka siku nilipocheza Dar es Salaam na mzee mmoja ambaye hakupiga pigo hata moja la kutisha. Alinirudishia mipira laini tu, nami nikaipeleka wavuni mmoja baada ya mwingine, huku nikizidi kuongeza nguvu kwa hasira. Miaka kadhaa baadaye, niliposoma habari za Arthur Ashe, mcheza tenisi mweusi wa Marekani, ndipo nilipoelewa alichonifanyia mzee yule.

Ashe alizaliwa mwaka 1943 mjini Richmond, Marekani, na alikulia ndani ya bustani ya watu weusi ambayo baba yake aliitunza, viwanja vya tenisi vikiwa karibu na mlango wao. Mwalimu wake, Dkt. Robert Walter Johnson, aliwaagiza wanafunzi wake kwamba mpira wa mpinzani ukianguka nje kidogo tu ya mstari wauhesabu kuwa umo na waendelee kucheza, kwa kuwa mtoto mweusi akibishana angepewa lawama yeye. Agizo hilo lilizaliwa na dhuluma, wala siwatakii mlibebe ninyi. Hata hivyo, utulivu aliojifunza kwa namna hiyo ulimfaa Ashe maisha yake yote.

Tarehe 5 Julai 1975, akiwa na miaka 31, aliingia fainali ya Wimbledon, shindano kubwa la tenisi la Uingereza, dhidi ya Jimmy Connors, bingwa mtetezi mwenye miaka 22, ambaye alikuwa amemshinda katika mechi zao zote tatu za awali. Ashe alijulikana kwa mapigo makali, lakini siku hiyo aliyaweka kando. Connors alikuwa hodari wa kuitumia kasi ya mpira unaomjia; kwa hiyo Ashe alimnyima kasi hiyo, akampa mipira ya polepole inayodunda chini, na Connors aliposogea wavuni akaurusha mpira juu ya kichwa chake. Alishinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Itazameni seti ya tatu: aliipoteza, na bado hakurudia mapigo yake ya kawaida. Hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa na mpango wetu wenyewe.

Zoezi la mbinu hiyo ni jepesi kueleza na gumu kutenda. Mmoja apige kwa nguvu zote, mwingine aruhusiwe kurudisha mipira laini peke yake, kisha mbadilishane. Upepo wa kusi ukivuma alasiri, mpira wa juu mnaoupiga kwa kufuata upepo utapita mstari wa nyuma, basi ufupisheni. Mkielekea upepo, uongezeeni urefu.

Shule nayo msiiache. Ashe alihitimu Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1966, akiwa amesomea biashara. Moyo ulimsumbua mwaka 1979, na mwaka uliofuata akastaafu kucheza kabla ya kutimiza miaka 37, lakini kazi hakuikosa: aliandika vitabu, na akiwa nahodha aliiongoza Marekani kutwaa Kombe la Davis, shindano la tenisi la timu za mataifa, mwaka 1981 na 1982.

Jumamosi tutaanza na mipira laini. Mipira iliyokwisha manyoya msiitupe, ileteni. Hiyo huruka kwa kasi zaidi, na anayeweza kuituliza ataituliza yoyote.