Kabla Ziwa Halijafungwa

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mwanga kaniandikia: "Dada, wewe unawezaje? Mimi kutwa mbio, jioni sioni nilichofanya." Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Ndivyo nilivyokuwa.

Naanika dagaa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Zamani kila kitu kilinikuta sijajiandaa. Mtoto akirudishwa kwa ada, ndipo naanza kuzunguka kukopa. Novemba moja nikamwaga beseni kumi na mbili mchangani, bila turubai. Wingu lilikuwa juu ya ziwa tangu asubuhi, nikaliona kwa macho yangu, nikasema litapita. Saa nane mvua ikashuka. Nikikusanya, dagaa wanapondeka vidoleni, mchanga umewaingia hadi tumboni. Mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa kikoba. Wifi yangu akasema mbele za watu kwamba biashara si ya kila mtu. Sijalisahau neno lile.

Nikanunua turubai, nikatundika kalenda. Wavuvi wetu wanavua kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi mingi inalala. Kigoma nani halijui hilo? Ila mimi kila mwezi lilinikuta kama mgeni. Nikaanza kuzizungushia siku zile wino mwekundu na kuzipa kazi nyingine: kufuata mawese Mwandiga, kliniki, marejesho ya kikoba.

Basi ilipotangazwa kwamba ziwa litafungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, sikungoja Mei. Ada nililipa mapema, nikaweka ndani madumu sita ya mawese. Mwalo ulipokaa kimya, mimi nilikuwa nauza mafuta mlangoni kwangu. Wifi alikuja kukopa. Nikampa, tena kwa mikono miwili.

Jamani akina mama, tuamke! Januari inakuja kila mwaka, na ada inakuja nayo. Masika hayajawahi kututoroka. Kwa nini tushtuke? Jumapili usiku, watoto wakilala, shika daftari uandike wiki inakuja na nini. Andika, usiweke kichwani. Nasema tena, andika.

Nawe mdogo wangu, anza na hilo la ada ulilonieleza. Gawa kwa wiki zilizobaki, ukaweke kikoba kabla hujanunua hata nyanya. Jumamosi njoo Kibirizi na daftari lako, nitakuwa kwenye chanja za mwisho, upande wa majini.