Hodi Niliyoikosa Baada ya Kuhamia Kwangu

Nilikaa miaka kumi na moja kwenye nyumba ya kupanga, Tandika, Dar es Salaam. Vyumba sita, choo kimoja, mita moja ya umeme. LUKU ikikata, ugomvi: nani ana friji, nani anapiga pasi kila siku. Asubuhi foleni ya bafu na ndoo mkononi. Miaka yote hiyo niliamini furaha inanisubiri Chanika, kwenye kiwanja nilichokuwa nakijenga mdogo mdogo.

Nikahamia. Wiki ya kwanza nilitembea peku ndani ili nisikie ubaridi wa marumaru. Mwezi wa pili nilikuwa nimeshazisahau. Kisha nikashikwa na malaria, nikalala siku mbili, geti limefungwa, hakuna aliyebisha hodi. Tandika, mlango wangu ukifika saa tatu haujafunguliwa, mama wa chumba cha mbele angeshagonga: "Dada, kwema humo?" Na ni huyuhuyu tuliyekuwa tukigombania naye umeme.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichapisha mazungumzo yao na watu 22 walioshinda bahati nasibu huko Illinois. Vitu vidogo, kama kula asubuhi au kupiga soga na rafiki, viliwapa raha kidogo kuliko majirani zao wasioshinda. Nilipoyasoma hayo nilizikumbuka marumaru zangu. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kimefuatilia maisha ya watu tangu 1938, wakianza na wanaume 724, na walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka hamsini ndio waliofika themanini wakiwa na afya njema zaidi.

Sikwambii usijenge, ndugu yangu. Kupanga kuna mateso yake, na kodi ya miezi sita kwa mkupuo naijua uchungu wake. Kosa langu lilianza kabla sijahama. Nilijitoa kwenye mchezo wa kupeana hela na wenzangu ili nipate hela ya saruji. Misiba nikawa natuma rambirambi kwa simu, Jumapili yangu ikiwa ya fundi. Nyumba ilipokamilika, watu wangu walikuwa wameshazoea kutoniona.

Kwa hiyo unapopiga hesabu ya nondo na mabati, hela ya mchezo iache palepale. Ukipata kiwanja, wajue majirani kabla ya kuezeka; nenda kwenye misiba yao hata kama bado hujahamia. Mimi nilichelewa, nikaanza na bomba. Kuanzia saa kumi jioni geti linakuwa wazi, anayetaka maji achote, na mimi natandika mkeka barazani nachambua mchicha. Miezi ya mwanzo walichota wakaondoka. Siku hizi wengine wanakaa, mboga tunachambua wote.

Juzi nilipitiwa na usingizi. Saa kumi na moja mtoto wa jirani akagonga geti kwa ndoo yake, akaita, "Shangazi, unaumwa?"