Jibu: Kobe wa maji na joto la Oktoba hapa Tabora

Ndugu, umesema kidimbwi chako cha saruji kina kina cha sentimita 25, kiko juani kutwa, na kobe wako wawili wamekimbilia kivuli cha ukuta. Tatizo ni hicho kina. Maji machache hivyo hupata moto haraka, na kobe hana jasho la kujipoza; mwili wake hufuata joto la maji.

Vunja sakafu upande mmoja, uchimbe hadi sentimita 70, usakafie upya kwa saruji, uache mteremko wa kupandia. Saruji mpya hutoa chokaa kali, kwa hiyo jaza na kumwaga mara kadhaa kabla ya kuwarudisha. Kisha ezeka nusu ya kidimbwi kwa nyasi, upande wa magharibi, kimo cha mita moja ili hewa ipite. Nusu nyingine iache wazi. Bila kuota jua gamba hulainika.

Pima joto saa tisa alasiri. Nyuzi 24 hadi 28 ni sawa. Ikikaribia 32, badilisha theluthi ya maji. Yasitoke kwenye simtanki jeusi lililoshinda juani (hapo unawachemsha!), chota kisimani. Barafu usitie.

Akihema mdomo wazi au akilegea, mweke kivulini ndani ya beseni la maji vuguvugu, kichwa kikiwa juu ya maji, uyapoze kidogo kidogo, huku ukimwita daktari wa mifugo.