Kabla ya kuongeza ekari, shusha waya kisimani

Kama unamwagilia shamba kwa pampu ya sola, kumbuka: kisima cha mita 80 hakina mita 80 za maji. Cha kujua ni maji yako mita ngapi chini ya mdomo wa kisima pampu ikiwa imezimwa, na yanashuka hadi wapi ikivuta.

Kifaa cha kupimia unatengeneza mwenyewe. Chukua waya wa umeme wa nyuzi mbili unaozidi kina cha pampu. Menya ncha za chini za nyuzi zote mbili sentimita moja, uzitenganishe zisigusane, kisha funga nati nzito juu kidogo ya ncha hizo kwa utepe wa umeme. Ncha za juu unganisha na maltimita, kile kipimio cha mafundi umeme, kikiwa kwenye kipimo cha ukinzani. Ncha za chini zikigusa maji, namba hubadilika ghafla. Weka alama kila mita moja. Usiuunganishe kamwe na umeme wa nyumbani.

Waya ushuke ndani ya bomba dogo la plastiki, inchi moja, lililofungwa kando ya bomba la kupandishia maji. Bila bomba hilo utajisokota kwenye kebo ya pampu na kukwama. Lifungwe siku pampu inapotolewa kwa matengenezo, maana kuitoa kwa ajili hiyo tu ni gharama.

Pima alfajiri, kabla sola haijaanza kuvuta, kisha tena saa za mwisho za kuvuta. Maji kushuka kiangazi ni kawaida, kwa hiyo linganisha Oktoba na Oktoba iliyopita, si Oktoba na Mei. Na usihukumu kwa mwaka mmoja. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, usawa wa maji umekuwa ukipimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji huingia ardhini katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Miaka ya katikati kisima kinaishi kwa akiba. Anayepanga ekari zake kwa kipimo cha mwaka uliofuata mafuriko anajidanganya.

Sasa hesabu. Milimita moja ya maji kwenye ekari moja ni takriban lita 4,000. Nyanya ambazo majani yake yameshafunika ardhi zikitumia milimita 5 kwa siku ya jua kali, ekari inataka lita 20,000. Kwa mipira ya matone weka 22,000, kwa mifereji inaweza kufika 40,000. Pampu inayojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 12 inatoa lita 6,000 kwa saa. Ikivuta saa tano ni lita 30,000, yaani ekari moja na theluthi hivi ya matone, basi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanafunga matone, wanaona maji "yamebaki", wanaongeza ekari. Lakini sehemu ya maji ya mifereji ilikuwa ikizama na kurudi chini. Ya matone karibu yote yanaishia kwenye mmea na hewani. Ukivuta kiasi kile kile kwa ekari maradufu, kisima kinapungukiwa kuliko zamani. Matone huokoa kisima pale tu saa za kuvuta zinapopunguzwa. Sola inazidisha tatizo, kwa kuwa hakuna bili ya dizeli ya kukukumbusha kuzima. Weka boya la kuzima pampu tenki likijaa, na kihisi cha kuizima maji ya kisima yakishuka hadi karibu nayo.

Usikimbilie kushusha pampu. Maji yakitoka mita 40 hadi 60, paneli zile zile zitatoa pungufu kwa theluthi hivi. Ikishushwa chini ya sehemu ya bomba la kisima yenye matundu ya kuingizia maji, maji hayapiti tena kando ya mota kuipoza, nayo huungua, isipokuwa fundi aivalishe bomba la kuyaelekeza. Kuchimba zaidi nako ni bahati nasibu: kwenye miamba ya Dodoma, chini ya tabaka la juu la mwamba lililooza nyufa hupungua, na maji yanaweza kuwa na chumvi.

Kama jirani naye ana kisima, pimeni pamoja. Zimeni kimoja usiku kucha, vuteni kingine saa kadhaa, mpime kile kilichozimwa. Maji yake yakishuka, mnavuta akiba moja; pangeni zamu za kumwagilia kabla ya msimu, na kabla yeyote hajaomba kibali kipya bodi ya maji ya bonde.