Mama mkwe anataka mjukuu wa kiume

SWALI: Nina mabinti watatu na mimba ya wiki 14. Mama mkwe anataka nipime jinsia. Akiwa wa kike, niitoe. Nifanyeje? Msomaji, Temeke.

JIBU: Pole sana, dada. Usikubali kushinikizwa. Wiki ya 14 ultrasaundi huweza kukosea. Jinsia huonekana vizuri wiki ya 18 hadi 20, mtoto akiwa hajabana miguu. Tena yai lako hubeba kromosomu (kibeba urithi) ya X tu. Ile ya Y, inayomfanya mtoto awe wa kiume, hutoka kwa baba, basi mumeo ndiye azungumze na mama yake.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inakataza kutoa mimba. Cha 230 kinalinda upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Vidonge vya uchochoroni huweza kuacha mabaki ya mimba tumboni, na mabaki huleta damu nyingi na maambukizi. Ukitokwa damu au ukipata homa, wahi hospitali saa hiyohiyo.