Kumwomba mhariri wa vitabu nafasi: maswali ya waandishi wa riwaya za kisayansi na fantasia

Maswali ya safari hii yametoka kwa waandishi wa Dar es Salaam wenye riwaya za kisayansi, fantasia na za kutisha. Wote wanataka kujua namna ya kuwaomba wahariri wa kurasa za vitabu mahojiano, au nafasi ya kuandika makala.

Nimewaandikia wahariri sita barua pepe nikiomba mahojiano kuhusu riwaya yangu ya kwanza. Hakuna aliyejibu. Nakosea wapi? (Mwandishi, Tabata)

Barua nyingi za namna hii huangukia mahali pamoja: zinamweleza mwandishi kabla ya kueleza hadithi. Mhariri husoma sentensi mbili za mwanzo, mara nyingi kwenye simu, pengine amesimama ndani ya mwendokasi. Akikuta "Mimi ni mwandishi chipukizi mwenye ndoto ya kukuza fasihi yetu", hajapata cha kumpelekea msomaji wake.

Tuchukue riwaya ya mfano, tuliyoitunga kwa ajili ya jibu hili. Mwandishi mmoja anaitambulisha hivi: "Ni riwaya ya fantasia yenye visa vya kusisimua na mafunzo kwa jamii." Mwingine anaandika hivi: "Kila Msimbazi ukifurika, maji huirudishia Jangwani vitu vilivyopotea mjini: funguo, vyerehani, hata daladala zima. Masika haya yamerudisha mtu." Barua ya pili ina mahali panapojulikana, ina kanuni moja ya ajabu, na ina siku kanuni hiyo ilipozaa tatizo. Kwa riwaya za aina hii, hayo matatu yanatosha. Falme saba, majina ya miungu na historia ya miaka elfu vibaki kitabuni, kwa sababu kila jina geni unaloliongeza kwenye barua ni jambo jingine ambalo mhariri hana muda wa kulikariri.

Baada ya sentensi hizo, sema unaomba nini na kwa nini kwenye ukurasa wake. Taja makala moja aliyoichapisha karibuni inayokaribiana na kitabu chako. Hapo atajua umemsoma. Kisha weka jina la kitabu, idadi ya kurasa, mchapishaji, tarehe ya kutoka, bei na mahali kinapouzwa. Malizia kwa namba ya simu. Barua nzima isizidi maneno 200. Kwenye mstari wa mada andika kitu kinachoeleweka bila kufungua barua: "Ombi la mahojiano: riwaya ya fantasia ya Jangwani, inatoka 12 Juni".

Hao sita umewaandikia kila mmoja barua yake, au uliweka anwani zote kwenye mstari mmoja? Mhariri akiona wenzake watano pale juu, huacha wao wajibu. Na anza na "Ndugu" ukifuatisha jina lake. "Mheshimiwa" waachie wabunge, na "mambo vipi" waachie rafiki zako.

Kipi bora kwa mwandishi asiyejulikana, mahojiano au makala yangu mwenyewe? (Kijana wa Mbagala)

Makala. Ili akuhoji vizuri, mhariri anatakiwa asome kurasa zako 300, kisha atunge maswali, kisha apange majibu. Makala inakuja imekamilika. Anachohitaji ni kuisoma na kuihariri. Ukishapata makala moja iliyochapishwa, ombi lako la mahojiano kwa mhariri mwingine litakuwa na kitu cha kuonyesha.

Ukiomba mahojiano, rahisisha kazi: jitolee kujibu kwa maandishi, maswali sita hadi nane, na useme utarudisha majibu ndani ya siku ngapi. Jibu moja lenye maneno 80 hadi 150 linasomeka vizuri. Likipungua sana linakuwa kavu. Likifika maneno 300, mhariri atalikata, na huenda akakata palepale ulipopapenda.

Mhariri amekubali niandike makala, lakini ameniambia "isiwe tangazo la kitabu". Sasa niandike nini kama si kitabu changu? (Dada wa Kinyerezi)

Hongera, dada, na swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote. Andika kile ulichokijua kwa sababu ya kukiandika kitabu. Mtu aliyetunga ile riwaya ya Msimbazi alilazimika kuamua maji yanarudisha nini na hayarudishi nini, nani ananufaika, na kwa nini watu wote wa mjini wasihamie bondeni kuokota mali. Hiyo ni makala kamili kuhusu kuupa uchawi mipaka, na msomaji anayeandika hadithi yake mwenyewe ataichukua na kuitumia.

Au shika jambo la hapa kwetu linalogusa fani. Hofu ya popobawa iliyotikisa Pemba mwaka 1995 inafundisha mengi kuhusu jinsi kiumbe anavyokua kutokana na uvumi: kila anayesimulia anaongeza sifa moja, na hakuna anayeweza kuelezea umbo lake lote. Mwandishi wa hadithi za kutisha anayejua hilo atamficha jini wake kwa muda mrefu zaidi. Unaweza pia kuandika kuhusu lugha: chombo cha angani uite nini kwa Kiswahili bila msomaji kusimama katikati ya sentensi? Wahariri wa Kiswahili wanalipenda sana suala hilo, na lina mifano isiyokwisha.

Kuna kosa moja ambalo tungependa sana likome. Usiandike kwamba wewe ndiye wa kwanza kuandika fantasia kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliijenga nchi iliyo angani katika *Kusadikika* mwaka 1951. Euphrase Kezilahabi alivunja mipaka ya uhalisia katika *Nagona* mwaka 1990, na William Mkufya akaifikisha riwaya ahera katika *Ziraili na Zirani* mwaka 1999. Mhariri wa vitabu anawafahamu hao. Ukidai ukwanza, ataacha kukuamini hata pale unaposema kweli. Jiweke kwenye mstari wao, kisha eleza unachofanya tofauti. Hiyo nayo ni makala.

Kwa vipimo: maneno 800 hadi 1,000, isipokuwa akikutajia mengine. Kitabu chako kitaje mara moja tu ndani ya makala, pale kinapohitajika kama mfano, na mara ya pili kwenye wasifu wa chini wenye maneno 50. Kabla hujaandika yote, mtumie kichwa cha makala na aya moja ya maneno 60 hivi akubali mwelekeo. Kukataliwa aya kunauma kidogo. Makala nzima ni wiki mbili zimepotea.

Picha ya jalada niliyotuma imetoka na ukungu. Ni kosa lao au langu? (Mwandishi, Sinza)

Karibu kila mara ni njia iliyotumika kuituma. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huibana na ubora unashuka. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe. Usipige picha kioo cha simu, wala usikate picha ya jalada kutoka kwenye ukurasa wa duka. Mwombe msanifu wako faili la JPEG lenye upana wa pikseli 1,600 au zaidi. Gazeti linalochapa picha ya upana wa sentimita 10 kwa nukta 300 kwa inchi linahitaji pikseli 1,180 hivi, kwa hiyo utakuwa na akiba.

Faili lipe jina la kitabu na la kwako. "IMG_2047" likiingia kwenye folda ya mhariri lina picha nyingine mia za kufanana nalo.

Mhariri anauliza ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, na mimi nimejichapishia. Ni lazima? (Msomaji wa Kigamboni)

Kwa mahojiano si lazima, ila inamsaidia mhariri na muuza vitabu kukitambua kitabu. Hapa nchini namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Zina tarakimu 13, na kitabu cha karatasi na cha kielektroniki (EPUB) kila kimoja kina namba yake.

Nitume lini, na nikikosa jibu nisubiri siku ngapi? (Mwandishi, Ubungo)

Tuma wiki sita hadi nane kabla ya kitabu kutoka. Ukituma siku ya uzinduzi, umechelewa. Kama unalenga tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, barua iwe imefika katikati ya Mei, maana kila mtu hukumbuka siku hiyo ikiwa imebaki wiki moja. Riwaya inayohusu mafuriko inavutia wakati wa masika, Machi hadi Mei; hata hivyo, ikiwa mafuriko ya kweli yameua watu wiki hiyo, zuia barua yako. Familia zinazozika zisigeuzwe kuwa nafasi ya kuuza kitabu.

Baada ya kutuma, subiri siku 14. Kisha jibu juu ya barua yako ileile, mistari mitatu, ukiongeza jambo moja jipya, kwa mfano tarehe ya uzinduzi. Baada ya hapo subiri siku 14 nyingine, na kukiwa kimya, mwachie na uende kwa mwingine. Kumpigia simu ya usiku au kumwandikia chini ya picha za familia yake kutakufungia mlango hata kwa kitabu cha pili.

Makala moja mpe mhariri mmoja kwa wakati mmoja. Ikitokea wawili wameichapisha wiki moja, wote wawili watajiona wametapeliwa. Mahojiano unaweza kuyaomba kwa wengi, mradi majibu ya huku usiyanakili kupeleka kule.

Nimeombwa pesa ili nihojiwe. Nilipe? (Mwandishi, Temeke)

Ukilipa, umenunua tangazo. Hakuna ubaya kununua tangazo, lakini uliza kwa maandishi: litachapishwa likiwa na alama kwamba limelipiwa? Litakaa kwa muda gani? Nani anaamua maswali? Asiyetaka kuweka alama hiyo anataka kuwaficha wasomaji wake, na hao ndio unaotaka wakuamini. Kwa bajeti ndogo tungeshauri fedha hiyo ichape nakala tano za kuwapa wahakiki. Ndani ya kila nakala bandika karatasi yenye namba yako, na useme ni ukurasa gani hawapaswi kufichua kilichomo baada yake.