Pikapu inayotetemeka kuanzia spidi 80
Kama usukani umetulia na mtetemo uko kwenye kiti na sakafu, shuku propela shafti (mhimili mrefu chini ya gari unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma). Tairi za mbele zingetikisa usukani. (Tairi ya nyuma iliyovimba nayo hufanya hivyo, ikague kwanza.) Ukiwa kwenye spidi hiyo, barabara tupu, weka nyutro: mtetemo ukiendelea vilevile, injini haihusiki.

Baadaye zima gari, weka kabari kwenye magurudumu, ingia chini, shika propela uitikise kwenye kila krosi (kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kupinda ikizunguka). Ukiona vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vya krosi, grisi imekwisha na beringi za ndani zimeliwa. Hapo ni kubadilisha, kupiga grisi hakusaidii tena. Propela ya pikapu huzunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko wa tairi, ndiyo maana ulegevu mdogo unatikisa gari zima.

Tafadhali fundi aweke alama kabla ya kufungua, propela irudi ilivyokuwa. Na kama uliinua springi za nyuma, pembe ya propela imebadilika. Krosi mpya peke yake haitatosha.